Siku saba na Mjomba kwenye barabara za Virginia, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa gavana wa Novemba 2025

Nimeandika haya kutoka kwenye daftari la Mjomba na picha zilizomo kwenye simu yangu. Pale ambapo daftari na picha havikubaliani, nimeliamini daftari.

Mjomba ni mwalimu wa historia mstaafu wa Tanga. Alitua uwanja wa Dulles mwishoni mwa Septemba na mabegi mawili, moja la korosho na moja la nguo za baridi za kuazima. Hatujafika hata nyumbani Woodbridge, akawa ameshauliza kuhusu mabango madogo yaliyochomekwa kwenye nyasi za watu. Nikamwambia ni ya wagombea wa ugavana, Virginia inachagua tarehe 4 Novemba.

"Yaani mkuu wa mkoa naye mnampigia kura?"

Nikamweleza kwamba jimbo la hapa si mkoa. Lina katiba yake, bunge lake, mahakama, magereza na vyuo vyake. Akalinganisha na magavana wa kaunti za Kenya, wanaochaguliwa tangu 2013, nikamwambia ni hivyo ila azidishe mara kadhaa. Mimi mwenyewe niliapa uraia 2024, na hii ndiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza ya gavana.

Alhamisi tarehe 9 tulitazama mdahalo uliofanyika Chuo Kikuu cha Norfolk State. Mgombea wa Democratic alikuwa Abigail Spanberger, aliyewahi kuwa ofisa wa CIA, kisha mbunge katika bunge la Marekani kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2025. Muhula wake wa mwisho Woodbridge yetu ilikuwa ndani ya eneo lake. Wa Republican alikuwa Winsome Earle-Sears, naibu gavana wa wakati huo, mzaliwa wa Kingston, Jamaica, aliyeletwa Marekani akiwa na miaka sita na baadaye akatumikia kikosi cha Marine. Usiku ule Earle-Sears alimkatiza mwenzake mara nyingi na kumuuliza maswali ana kwa ana; Spanberger alitazama mbele tu, kama mtu aliyekaa kwenye basi na jirani asiyemtaka. Alibanwa zaidi kuhusu mgombea wa chama chake kwa nafasi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, Jay Jones, ambaye ujumbe wake wa simu wa 2022 uliozungumzia kumpiga risasi Spika wa wakati huo wa bunge la jimbo ulikuwa umefichuliwa mwezi huo. Jones alikuwa ameomba radhi. Spanberger hakusema kama bado anamuunga mkono.

"Jasusi na askari," alisema Mjomba. "Raia wa kawaida hakuchukua fomu?"

Lakini kilichomkosesha usingizi ni jambo jingine. Nilimwambia kwamba gavana wa wakati huo, Glenn Youngkin, aliyeshinda 2021, hakuruhusiwa kugombea tena. Virginia ndilo jimbo pekee Marekani nzima ambapo gavana hawezi kujirithi mwenyewe. Miaka minne, basi, anaondoka. Akitaka kurudi, sharti mwingine akae katikati. Mjomba akavua miwani. "Kama hana haja ya kuja kuniomba kura tena, basi anamwogopa nani?"

Swali hilo alilibeba jimbo zima, akamwuliza kila aliyesimama karibu naye.

Siku ya 1, Jumamosi 11 Oktoba: Woodbridge hadi Harrisonburg

Tulipanga kuanzia baharini, lakini utabiri ulionya juu ya dhoruba na maji kujaa pwani, tukaigeuza ratiba na kuanzia milimani. Gari ni langu, Corolla ya 2014. Mafuta nilijaza kwa dola 2.95 galoni.

Kusimama kwetu kwa kwanza kulikuwa Ashburn, kaunti ya Loudoun. Hakuna mtalii anayekwenda Ashburn. Ni maghala makubwa ya kijivu yasiyo na madirisha, moja baada ya jingine, yenye uzio, kamera na mngurumo wa mapangaboi usiokoma. Ndani yake mna kompyuta, na humo ndimo mnamopita picha, barua pepe na hizi akili bandia za dunia. Hakuna mahali duniani palipo na vituo vya data vingi kama kaskazini mwa Virginia. Mjomba alitaka kupiga picha, mlinzi akatoka kibandani, akatuamkia vizuri, akatuomba twende tukapigie ng'ambo ya barabara.

Huko ng'ambo tulimkuta mzee wa Kihindi akitembeza mbwa. Alituonyesha nguzo mpya za umeme zilizopita nyuma ya mtaa wao, kisha akaanza kuzungumzia bili yake bila kuulizwa. Tume ya utafiti ya bunge la jimbo ilitoa ripoti Desemba 2024, ikisema kwamba vituo hivi vikiachiwa vijengwe bila kizuizi, mahitaji ya umeme ya Virginia yanaweza kuongezeka maradufu ndani ya miaka kumi. Spanberger alisema wenye vituo walipe sehemu yao ya haki. Earle-Sears aliilaumu sheria ya 2020 inayolazimisha kampuni za umeme kuachana na makaa na gesi, akataka kila chanzo kitumike. Mzee aliwasikiliza wote wawili kwenye mdahalo, akasema: "Mimi namtaka atakayesoma bili yangu."

Mjomba akamwuliza gavana anamwogopa nani. Mzee akaelekeza kidole kwenye ghala.

Kwa wenye safari: kuanzia Woodbridge kwenda huku msiingie njia za haraka za kulipia kama hamna haraka ya kweli, maana bei hupanda kadiri foleni inavyokua na unaisoma ukiwa umeshafika mlangoni. Sisi tulipita barabara ya 28, kisha ya 7 kuelekea magharibi, hatukulipa senti.

Winchester ni nchi ya matofaa, na ndiko Earle-Sears alikoendesha biashara ya vifaa vya umeme na mabomba. Tulinunua kikapu cha matofaa kwa dola 12 kwenye banda la shamba. Mwenye banda, mama wa makamo, alituongezea matano na chupa ya juisi alipojua Mjomba ametoka mbali. Bango la Earle-Sears lilikuwa mlangoni kwake. Sababu yake ilikuwa moja: kodi ya gari. Nikalazimika kumfafanulia Mjomba kwamba hapa, kila mwaka, kaunti inakutoza kodi kwa kuwa na gari, hata kama ulishalilipia lote.

"Gari lako mwenyewe?"

Langu mwenyewe. Earle-Sears aliahidi kuifuta. Ila 1997 Jim Gilmore alishinda ugavana kwa ahadi hiyo hiyo, na bili yangu bado inakuja. Yule mama alicheka, akasema anajua, ila mtu hachoki kutumaini.

Tukaingia barabara kuu ya 81, tukawa tumebanwa na malori mbele na nyuma hadi Harrisonburg.

Siku ya 2, Jumapili 12 Oktoba: Harrisonburg, kisha Roanoke

Rafiki yangu wa kazini ana shemeji yake Harrisonburg, Mkongo wa Bukavu, naye alitupokea kana kwamba tulizaliwa nyumba moja. Bonde hili la Shenandoah limepokea wakimbizi wengi, na Kiswahili utakisikia dukani na kanisani. Wengi wanafanya kazi kwenye viwanda vya kuku na bata mzinga, ambavyo ndivyo uhai wa kaunti ya Rockingham. Wanaamka saa tisa usiku.

Ibada ilichukua saa tatu na nusu. Mjomba ni Mwislamu, alikaa nyuma kwa adabu, akaniambia kwaya ya akina mama ilikuwa inastahili safari peke yake. Baadaye tukaketishwa mbele ya ugali, sombe (kisamvu), samaki wa kukaanga na pilipili iliyomtoa Mjomba jasho. Mwenyeji aliuliza mara mbili kama mzee anakula kila kitu, na kabla ya kupakua alikuwa amekwisha kutenga sufuria ambayo haikuguswa na nguruwe. Hilo halikuombwa na mtu.

Nikawauliza kuhusu uchaguzi. Kimya kidogo. Kisha kaka mmoja akasema: "Siye hapa wengi hatupige kura bado. Tunangoja makaratasi." Mwaka huo wa 2025 kungoja kulikuwa kwa hofu, maana mpango wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa Januari na walikuwapo wenye mama na watoto waliokwama kambini Nyarugusu, Tanzania. Gavana hana mamlaka juu ya hilo, na wao wanalijua kuliko mimi. Walichokitaka kwa gavana ni vitu viwili: wakalimani wa shuleni wasipunguzwe, na bima ya afya ya wenye kipato cha chini ibaki. Virginia iliipanua bima hiyo kuanzia 1 Januari 2019 baada ya miaka ya mabishano bungeni. Dada mmoja, aliyepata uraia mwezi Machi, ndiye pekee mezani aliyekuwa ameshapiga kura. Hakusema amempa nani. Wenzake walimtazama kama mtu aliyerudi kutoka hija.

Mjomba akatoa swali lake. Yule dada akajibu upesi: "Mtu akishakuwa hana wa kumwogopa, baba, sisi tulikotoka tunajua anafanya nini." Hakuna aliyeongeza neno, tukaletewa chai.

Wakatufungashia sambusa 20 na chupa ya pilipili. Kwa wenye safari: ukialikwa kwa Wakongo wa bonde hili usiweke miadi mingine siku hiyo.

Mvua ilitufuata hadi Roanoke. Huko kuna nyota kubwa ya taa juu ya mlima, ilisimikwa 1949, na kuipanda hakuna kiingilio. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisimama chini ya nyota yenyewe bila kuiona vizuri. Moteli ilikuwa dola 79, shuka safi, bomba la maji ya moto likilia kama mbuzi.

Siku ya 3, Jumatatu 13 Oktoba: Bristol

Kadiri unavyoshuka kusini-magharibi, mabango ya Spanberger yanapungua hadi unaanza kuyahesabu. Mjomba alihesabu matatu kati ya Wytheville na Abingdon. Ncha hii ya jimbo iko karibu zaidi na miji mikuu ya majimbo mengine kadhaa kuliko ilivyo na Richmond, na watu wake wanakwambia hivyo ndani ya dakika tano za kufahamiana. Ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Mwaka 2021 zipo kaunti huku zilizompa Youngkin zaidi ya kura 8 kati ya kila 10.

Tulikula mkahawani Abingdon. Mhudumu alipendekeza chakula cha kwao cha zamani. Kikaja: bakuli la maharage yaliyochemshwa taratibu, kitunguu kibichi kilichokatwa juu yake, na kipande cha mkate wa mahindi. Mjomba alitazama bakuli, akanitazama mimi. "Hiki ni chakula cha bweni." Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu atue. Tuliuliza kwanza kama kuna nyama ya nguruwe ndani, mara nyingi huwekwa, wakatupikia sufuria ya mboga tupu iliyokuwa ya mpishi mwenyewe. Dola 7.50 kwa bakuli, na la pili hawakutaka kulipokea malipo.

Kwa wenye safari: njia maarufu ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani bado inaendeshwa kati ya Abingdon na Damascus. Upande wa juu, kutoka Damascus kwenda Whitetop, ulisombwa na mafuriko ya kimbunga Helene Septemba 2024, hivyo ulizeni kabla ya kukodi.

Bristol ndiyo ilikuwa sababu ya kuja huku kote. Mtaa mkuu unaitwa State Street. Upande wa kaskazini ni Virginia, upande wa kusini ni Tennessee, na katikati ya lami kumepachikwa vibao vidogo vya shaba kuonyesha mpaka. Juu ya barabara kuna bango kubwa la taa linalotangaza kwamba hapa ni mahali pazuri pa kuishi, mshale mmoja kila upande. Mjomba alisimama mguu huku mguu huku, nikampiga picha, gari la nyuma likasubiri bila kupiga honi.

Kinyozi wa upande wa Virginia alituita ndani tukaushe makoti. Alitueleza maisha ya mpakani: Tennessee haikati kodi ya jimbo kwenye mshahara, lakini ukinunua kitu inakula kwenye kodi ya mauzo, hivyo watu hulala upande mmoja na kununua upande mwingine. Tennessee zamu yake ya kuchagua gavana ni 2026. Virginia ilikuwa 2025 kwa sababu imezoea miaka ya witiri, mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa rais, na ndiyo maana taifa zima huja kuchungulia humu kupima upepo. Kinyozi hakupenda hilo. "Wanatutumia kama kipimajoto," alisema, "kisha wanatuweka kabatini."

Yeye anampa Earle-Sears. Si kwa matangazo yake ya televisheni kuhusu vyoo vya shule na watoto waliobadili jinsia, ambayo yalikuwa yakipita ukutani tulipokuwa tumekaa, akayazima sauti. Anampa kwa sababu yuko chama chake, na kwa sababu alikuwa Marine kama marehemu baba yake. Kuhusu swali la Mjomba alifikiri kwa muda mrefu, wembe mkononi. "Hamwogopi mtu huku," akasema mwishowe. "Hata wale walioruhusiwa kurudi wasingerudi huku kutuomba." Akamnyoa Mjomba ndevu, akakataa dola 15 zake, akachukua korosho.

Siku ya 4, Jumanne 14 Oktoba: Bristol hadi Richmond

Siku nzima barabarani, ya 58 hadi Danville, kona juu ya kona, majani ya miti yakianza kuwaka rangi, Mjomba akilala. Tulisimama Danville kula sambusa za mwisho kando ya mto. Mji huu ulikuwa makao makuu ya mwisho ya serikali ya waasi wa Kusini, wale wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwa siku chache za Aprili 1865, na Mjomba aliamka kwa ajili ya hilo tu. Richmond tuliingia saa mbili usiku. Chumba dola 96, maegesho dola 18 juu yake, na hayo ya maegesho hayakuandikwa popote nilipolipia. Ulizeni kabla.

Siku ya 5, Jumatano 15 Oktoba: Richmond

Jengo la bunge la jimbo lilichorwa na Thomas Jefferson, ambaye naye aliwahi kuwa gavana hapa. Kuingia ni bure, na kuna watu wa kukutembeza bure pia; unapita kwenye mashine ya ukaguzi na kuonyesha kitambulisho, basi. Mjomba alikuwa na paspoti yake ya Tanzania, askari akamwambia karibu kwa lafudhi aliyoitoa kwenye filamu, tukacheka wote.

Ghorofa ya juu kuna picha za magavana wa karibuni, zimezunguka ukuta. Wote wanaume. Wa kwanza alikuwa Patrick Henry, 1776. Youngkin ni wa 74. Yeyote ambaye angeshinda tarehe 4 angekuwa mwanamke wa kwanza. Mjomba alizunguka akizihesabu fremu, akarudi kwa mama aliyekuwa akitutembeza.

"Mama, sisi rais wetu ni mwanamke tangu 2021. Nyinyi mlikuwa mkisubiri nini?"

Yule mama, mstaafu kama yeye na anayejitolea siku mbili kwa wiki, alijibu kwamba naye amekuwa akijiuliza hivyo hivyo kwa miaka 50. Wakapatana papo hapo. Alitupeleka mbele ya picha ya L. Douglas Wilder, mjukuu wa watumwa, aliyeshinda 1989 kwa tofauti isiyofika kura 7,000 na kuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuchaguliwa gavana katika nchi hii. Kisha picha ya Mills Godwin, ambayo mimi ningeipita. Ndiye pekee aliyewahi kuchaguliwa na wananchi mara mbili: 1965 akiwa Democratic, akakaa nje miaka minne kama sheria inavyotaka, akarudi 1973 akiwa Republican. Terry McAuliffe alijaribu kurudi 2021, Youngkin akamzuia mlangoni.

Hapo Mjomba akauliza lake. Na hapa, baada ya maili zaidi ya 700, ndipo alipopata jibu aliloliandika daftarini kwa herufi kubwa. Mama alisema: tazama maseneta wetu wawili wa Washington, Mark Warner na Tim Kaine. Wote walikuwa magavana hapa. Gavana wa Virginia hagombei tena kiti hiki, anagombea kinachofuata, na anaanza siku anayoapishwa. "Kwa hiyo anamwogopa mpiga kura yule yule," alisema, "ila kwa ofisi nyingine." Akaongeza kwamba viti vyote 100 vya baraza la chini la bunge vinapigiwa kura siku hiyo hiyo, na gavana asiye na bunge upande wake hubaki na kalamu ya kukataa miswada tu. Youngkin ameitumia kalamu hiyo mara nyingi kuliko yeyote kabla yake.

Nje tuliiona nyumba ya gavana, ndogo kuliko alivyotarajia Mjomba. Imekaliwa na magavana bila kukoma tangu 1813. Akaitazama muda. "Mpangaji wa miaka minne," akasema, "hata msumari wa picha unampigia mwenzio."

Jioni, kwenye ngazi za hoteli, niliongea na kijana mmoja mwajiriwa wa serikali kuu aliyekuja Richmond kukaa kwa mama yake. Serikali kuu ilikuwa imefunga shughuli tangu tarehe 1 kwa kukosa bajeti, yeye alikuwa nyumbani bila mshahara, na kabla ya hapo nusu ya idara yao ilishapunguzwa mwezi wa nne. Kwetu kaskazini kila mtaa ulikuwa na mtu wa hivyo. Hakutaja jina la mgombea hata mmoja. Alisema anajua gavana hawezi kumrudishia kazi, ila ataipiga kura yake kama barua kwa wale wanaoweza.

Siku ya 6, Alhamisi 16 Oktoba: Point Comfort na Norfolk

Dhoruba ilikwishapita, ikaacha mchanga barabarani na anga iliyosafishwa. Nilitaka kwenda moja kwa moja Norfolk, Mjomba akataka Fort Monroe, ilipo rasi ya Point Comfort. Agosti 1619 meli iliyoitwa White Lion ilishusha hapa Waafrika 20 na kitu, watu wa Angola walioporwa kwenye meli ya Wareno, wakabadilishwa kwa chakula. Mjomba amefundisha habari za Pangani na Bagamoyo kwa miaka 34. Alitembea hadi kwenye maji, akavua viatu, akasimama. Sikumpigia picha. Daftari lake siku hiyo lina mstari mmoja: "Bahari ni ile ile."

Tuliporudi garini alisema jambo ambalo mdahalo haukunipa. Hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kuchaguliwa gavana katika jimbo lolote la Marekani. Earle-Sears kama angeshinda angekuwa wa kwanza, na angekuwa hapa, katika jimbo lenye ufukwe huu. Nilimwambia kwamba weusi wengi ninaowajua hawatampigia, kwa sababu ya sera zake. Akasema anaelewa, hata kwetu hatumpi mtu kura kwa rangi ya kanga. "Lakini liandike," akasema. "Historia haiulizi sera peke yake."

Handaki la chini ya bahari kati ya Hampton na Norfolk ni bure, na bure yake unailipa kwa muda: dakika 55 kwa maili chache, huku wakijenga mapya pembeni. Pitieni kabla ya saa nane mchana. Norfolk kuna kambi ya wanamaji ambayo ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Meli za kivita zimepangwa kama ng'ombe zizini. Tulikula kaa na viazi kwa dola 38 sisi wawili. Jirani yetu wa meza, mke wa baharia, alisema jana mshahara wa mume umeingia kwa amri ya rais, lakini wake yeye, karani wa kiraia kambini, haukuingia. Akatulipia chai. Sikujua la kusema.

Siku ya 7, Ijumaa 17 Oktoba: nyumbani

Barabara ya 95, foleni ya Fredericksburg, hakuna jipya. Jumla: maili 1,060, mafuta dola 104, vyumba vya usiku nne dola 371 pamoja na yale maegesho. Chakula hatukujumlisha kwa sababu tulilishwa zaidi ya tulivyonunua.

Nyongeza, Jumatatu 20 Oktoba

Nilikwenda kupiga kura mapema kwenye kituo cha kaunti, Mjomba akiwa amekaa kwenye benchi la nje, umbali unaoruhusiwa. Foleni ilikuwa na watu 11. Mbele yangu bibi mmoja hakuwa na leseni. Akatoa bili yake ya umeme, ambayo hapa inakubalika kama kitambulisho, karani akaisoma jina na anwani. Bibi akamwambia asome na kiasi pia, watu wote wakacheka. Karatasi ilikuwa nusu ukurasa. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyodhani, nikaitia mashineni. Nilimpa nani nitabaki nalo.

Mjomba hakuniuliza. Aliuliza ilichukua dakika ngapi, nikasema tisa, akaandika. Kwao Tanzania uchaguzi ulikuwa tarehe 29 Oktoba, na chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi. Kiongozi wake alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Tulipofika kwenye hilo alifunga daftari, akasema tuwahi kabla duka la nyama halal halijafungwa. Jumatano nilimsindikiza Dulles, ndege ya kupitia Addis Ababa.

Kwa waliokuwa Virginia na hawajapiga: kura ya mapema iliendelea hadi Jumamosi tarehe 1 Novemba 2025. Siku yenyewe, Jumanne tarehe 4, vituo vilikuwa vya kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa moja ilipogonga alikuwa na haki ya kupiga. Aliyechelewa kujiandikisha bado aliweza kufanya hivyo kituoni na kupiga kura ya muda, ya kuhakikiwa baadaye. Aliyesahau kitambulisho aliweza kujaza fomu ya kuapa kwamba yeye ni yeye.

Baadaye uliingia ujumbe wa Mjomba kutoka Tanga. Amefika salama, korosho zimepanda bei, na anaomba nimtumie jina la mshindi kwa herufi sahihi, kwa sababu yule Mama Jasusi ameshindwa kumwandika.